Swali la Kwanza: Kutoka Baraza la Kina Mama Hanang Hadi Chumba cha Mshauri Nasaha



Leo ni Jumapili jioni, nimekaa kwenye kimbweta nyuma ya hosteli maana ndani hakukaliki, wanaangalia mpira. Bumu halijaingia, mlo wa usiku ni chai ya rangi na andazi moja. Lakini nina deni kubwa kuliko lile la muuza chipsi, na leo nimeamua kuanza kulilipa kwa maandishi.

Deni lenyewe ni hili. Kuna rafiki yangu alikuja chumbani usiku mmoja, akakaa kitandani kwangu, akanieleza jambo alilofanyiwa bila ridhaa yake. Sitaandika alifanyiwa nini, wala na nani, wala wapi. Hiyo ni habari yake, siyo yangu. Ninachoweza kusimulia ni aibu yangu mie. Alipomaliza kusema, nikamuuliza: "Sasa wewe ulikuwa unaenda wapi saa zile?"

Jamani, sikumuuliza kwa ubaya. Lilinitoka tu, kama vile unavyomuuliza mtu aliyeanguka kwenye matope mbona hukuangalia njia. Akanitazama kidogo, akasema, "Basi, tulale." Miezi mingi ikapita hajaligusia tena.

Sasa mie ni mtu wa historia, na mtu wa historia akiona kitu kimetokea anauliza kimetoka wapi. Swali langu lile nililitoa wapi? Nani alinifundisha kwamba mtu aliyeumizwa anaanza kwa kuhojiwa? Likizo iliyopita nikarudi nyumbani Manyara na daftari. Kwa baba mie ni Mwiraqw wa upande wa Mbulu, kwa mama nina damu ya Wabarbaig wa Hanang, kwa hiyo nilikuwa na mabibi wawili wa kuwahoji na maktaba ya chuo ya kuwahakiki (wao hawakufurahi kuhakikiwa, lakini hayo ni mengine).

Kwa wasioijua kwetu: Hanang ilikatwa kutoka Mbulu mwaka 1969, na zote mbili zilikuwa mkoa wa Arusha hadi Manyara ilipozaliwa mwaka 2002. Ni eneo la ajabu kwa lugha. Wairaqw wanasema lugha ya Kikushi, Wadatoga (Wabarbaig wakiwamo, wale mnaowaita Wamang'ati) wanasema ya Kiniloti, Wanyaturu na Wanyiramba ni Wabantu, na bonde la Yaeda wako Wahadzabe. Ukikaa kwenye mnada unaweza kusikia zote asubuhi moja. Likumbukeni hilo la lugha, nitalirudia.

Tuanze na Hanang. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani, George Klima, aliishi na Wabarbaig miaka ya 1950, na mwaka 1964 akachapisha makala kuhusu kitu kilichomshangaza: baraza la wanawake, girgwageda gademga. Wanaume walikuwa na mabaraza yao, lakini na kina mama walikuwa na lao, lenye nguvu ya kumhukumu mwanaume. Makosa yake yalikuwa yale yanayogusa heshima ya mwanamke na uzazi, mfano mwanaume kuingia ndani wakati mwanamke anajifungua. Kina mama wanakutana, wanajadili, wanamtoza faini ya ng'ombe. Akikaidi, wanamlaani. Na laana ya kina mama kule kwetu, bwana, hakuna mwanaume aliyeichezea.

Nikamsomea Bibi wa upande wa Hanang yale ya kwenye makala. Akacheka. Akasema, "Huyo mzungu alikuwa anasikiliza kwa mbali, mjukuu wangu. Mimi nilikaa pale." Nikamuuliza, mwanamke akija na shauri lake, mlianza kwa kumuuliza nini? Akafikiri. "Hatukuanza kwa kumuuliza. Mtu amekuja analia, unamkalisha. Mnakaa naye. Atasema."

Nikaandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake. Mtu amekuja analia, unamkalisha.

Lakini wadau, naomba tusiipake rangi historia. Sisemi kwamba lile baraza lilikuwa mahakama ya ubakaji, hapana. Na lilikuwa na upungufu wake ambao Bibi mwenyewe aliukubali. Shauri lilijadiliwa hadharani, kwa hiyo jirani wote walijua ni la nani. Mwanamke aliyetaka kusikilizwa bila kujulikana hakuwa na pa kwenda. Na halafu umoja wa kina mama siyo lazima umwokoe mtoto wa kike. Ukeketaji kwetu ulisimamiwa na wanawake haohao. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 uliiweka Manyara ya kwanza nchini, wanawake 58 kwa kila 100 wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Utafiti wa 2022 ukaonyesha imeshuka hadi 43, na bado iko miongoni mwa mikoa ya juu kabisa. Unaweza kupewa ulinzi na jeraha na mikono ileile.

Upande wa Mbulu hadithi ni tofauti. Wairaqw walikuwa na metimani, hali ya kutengwa kwa mtu au nyumba iliyopatwa na jambo linalohesabiwa kuwa na unajisi, kama vile kifo. Majirani hawaingii, hamli pamoja, hadi muda upite. Msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa alihesabiwa katika kundi la hatari hiyo. Aliondolewa nyumbani. Wengine walijifungulia mbali, kwa watu wasio Wairaqw, ili boma lisipatwe na balaa.

Sasa fikirini nami taratibu. Desturi ile haikuuliza mimba imeingiaje. Aliyependa na aliyelazimishwa waliondoka kwa njia moja. Kilichotazamwa ni hatari kwa nyumba, siyo alichofanyiwa msichana. Nikamuuliza Bibi wa Mbulu kama aliwahi kumwona msichana wa namna hiyo. Akanyamaza muda mrefu, akaanza kunieleza habari za mahindi. Sikumlazimisha. Nadhani pale ndipo nilipoanza kujifunza.

Metimani ya namna ile imekwisha, lakini mie naona kivuli chake. Mpaka leo msichana akipatwa na jambo, familia inamhamishia kwa shangazi Babati au Arusha "akapumzike". Swali langu la "ulikuwa unaenda wapi" nalo lina ukoo huo. Linatafuta unajisi umeingilia mlango gani, halimtafuti mtu.

Turudi Hanang. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, baadaye kwa msaada wa Kanada, ilianzisha mashamba makubwa ya ngano nyanda za Basotu chini ya shirika la NAFCO. Wabarbaig wakapoteza takriban ekari 100,000 za malisho. Kesi maarufu ni ya kijiji cha Mulbadaw: walishinda Mahakama Kuu, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu. Wanafunzi wa sheria wanaijua, inasomwa kama kesi ya ardhi.

Ila ndani ya malalamiko ya miaka ile kulikuwa na jambo jingine. Wananchi walilalamika kupigwa na kutozwa faini mifugo ikikatiza mashamba, na walilalamika pia kwamba wanawake walibakwa. Mwaka 1993 kukawa na taarifa ya tume ya Jaji Kisanga juu ya ukiukwaji wa haki za binadamu kwenye mashamba yale. Kinachoniuma mie kama mwanahistoria ni mpangilio: ardhi ilipata kesi, mawakili, na nafasi kwenye vitabu vya sheria. Wanawake walipata neno moja kwenye orodha, baada ya vipigo na faini. Ukimweka mtu aliyeumizwa kama mfano wa tatizo kubwa la wengine, hujamsikiliza bado, hata kama unamtetea.

Sasa naomba tutoke Manyara kidogo twende Dar es Salaam, kwa sababu sheria inayotumika leo Katesh na Mbulu mjini ilisukumwa na kifo kilichotokea chuoni, mahali kama hapa nilipokaa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zamani kulikuwa na kitu kinaitwa Punch. Kikundi cha siri kilibandika ukutani michoro na maneno ya kudhalilisha, na walengwa wakubwa walikuwa wanafunzi wa kike, hasa waliokataa kutongozwa. Ukishapigwa "panchi" watu wanakukwepa, maana atakayekaa nawe kafteria naye atachorwa. (Hebu jiulizeni, hiyo ina tofauti gani na metimani?) Levina Mukasa, mwanafunzi, alimkataa mwanaume, akaandamwa. Februari 1990 alijitoa uhai.

Hasira zilikuwa kubwa. Punch ikapigwa marufuku. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa 1987, wakalivalia njuga suala hilo, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakawa na kituo Dar ambapo mwanamke aliweza kwenda kupata ushauri na msaada wa kisheria. Wao na wenzao wakapiga kelele miaka kadhaa, hadi Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, maarufu kama SOSPA.

Wengi wanaijua kwa ile miaka 30 ya kifungo cha chini kwa ubakaji. Mie naomba mtazame kipengele kingine kisichozungumzwa sana. Zamani mahakama ilisita kumtia mtu hatiani kwa neno la aliyefanyiwa peke yake, ilitaka ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Sheria ile ikarekebisha Sheria ya Ushahidi: mahakama ikiridhika kwamba aliyefanyiwa anasema kweli, neno lake linaweza kutosha, hata akiwa mtoto. Baadaye Mahakama ya Rufani, katika shauri la Selemani Makumba dhidi ya Jamhuri lililoripotiwa mwaka 2006, ikasema ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa aliyefanyiwa. Sheria nayo ina mapengo, mfano mume anayemlazimisha mkewe hahesabiwi isipokuwa wakiwa wametengana. Lakini hatua ile ilikuwa kubwa. Hakimu alirudi alipokuwa Bibi: mkalishe kwanza, atasema.

Na neno "ushauri nasaha" je? Vijijini kwetu lilijulikana zaidi kupitia Ukimwi. Vituo vya Angaza vilianza 2001, na ndipo watu wengi waliposikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna mtu unakaa naye chumbani, anakusikiliza, na hataenda kukutangaza sokoni. Ile siri ya kupima ndiyo iliyotuzoesha. Mwishoni mwa miaka ya 2000 polisi nao wakaanzisha madawati ya jinsia na watoto.

Ukubwa wa tatizo ukapimwa mwaka 2009 katika utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliotolewa 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Ndiyo, wavulana pia, kaka zangu mnaosoma hapa. Na wengi hawakumwambia mtu yeyote. Kimbweta hiki kina nafasi ya watu sita. Pigeni hesabu wenyewe.

Sasa mwanamke wa kijijini Hanang leo akipatwa na jambo anakuta nini? Kuna hospitali, kuna fomu ya polisi PF3, kuna dawati, kuna afisa ustawi wa jamii. Saa ndizo adui yake mkubwa: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Ndiyo maana matibabu ya dharura hayapaswi kungoja PF3. Fomu ni ya kesi, dawa ni ya mwili. Mtu akikuambia jana, hilo ndilo la kumwelekeza leo, siyo wiki ijayo akishatulia.

Halafu ndiyo nirudie ile habari ya lugha. Bibi zangu wote wawili Kiswahili chao ni cha mnadani. Mambo mazito wanayasema kwa lugha zao. Mama wa namna hiyo akifika kwa mshauri asiyejua Kiiraqw au Kidatoga, nani anatafsiri? Mara nyingi aliyemsindikiza: shemeji, mtoto wake, jirani. Tayari siri imekufa. Na pengine anayetafsiri anapunguza kwa aibu, au ndiye mtu anayeogopwa. Mshauri mwenye maadili lazima ajiulize hilo kabla hajafungua mdomo: huyu aliyekaa katikati yetu ni nani, na mama amemchagua mwenyewe? Kwetu hilo ni jambo la kila siku.

Desemba 3, 2023 matope yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya Katesh na Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nchi nzima ililia, na pamoja na chakula na blanketi serikali ilipeleka maafisa ustawi wa jamii kutoa msaada wa kisaikolojia. Hakuna aliyemuuliza manusura wa matope kwa nini alijenga pale, kwa nini alilala mapema. Watu waliwakumbatia tu. Kumbe tunajua! Kumbe tukitaka tunaweza kukaa na mtu aliyeumia bila kumhoji. Tunachagua nani tumfanyie hivyo na nani tumnyime.

Kwa hiyo yale masharti ya mshauri nasaha ambayo wengine wanayaita mambo ya kizungu, mie nimeyakuta yote njiani, kwenye historia yetu, mengi yakiwa pale tulipokosea. Sikiliza kabla ya kuuliza, kama kina mama wa Hanang. Usimtenge, kama tulivyowatenga wasichana wa Mbulu. Usimfanye mfano wa hoja yako, kama walivyofanywa wanawake wa Basotu. Mwambie wazi kwamba kosa siyo lake, jambo ambalo huenda Levina alihitaji kulisikia kutoka kwa watu wengi zaidi. Tunza siri. Na mwachie maamuzi: kwenda polisi au la, kuwaambia wazazi au la, kusema yote leo au nusu. Mtu aliyenyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake usimnyang'anye tena uamuzi juu ya habari yake.

Kuna mpaka mmoja. Akiwa mtoto, usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka anayejua mtoto anadhuriwa atoe taarifa, na namba 116 ipo kwa ajili hiyo. Mweleze mapema, kwa upole, nani ataambiwa na kwa nini. Kumdanganya ili aseme ni kumsaliti mara ya pili.

Na sisi wanafunzi siyo washauri nasaha, tusijidai. Kazi yetu ni ile dakika ya kwanza tu, kabla mtu hajaamua kama atasema tena maishani.

Baada ya likizo nilimtafuta rafiki yangu. Nikamwambia, "Ule usiku nilikuuliza swali ambalo sikupaswa kukuuliza. Nisamehe. Nilitakiwa nikuambie pole, na kwamba nakuamini." Hakusema kitu. Tukanywa chai. Wiki kadhaa baadaye akanituma: "Nisindikize mahali." Nikamsindikiza kwa mshauri, nikakaa nje kwenye benchi kama saa moja na nusu nikidesa noti za wenzangu. Alipotoka sikumuuliza wamezungumza nini. Akasema tu, "Nina njaa." Tukaenda kula chipsi kwa mkopo, ndiyo lile deni lingine.

Haya niliyoandika juu yake ameyasoma mwenyewe kabla hamjayasoma nyie. Kuna mstari mmoja alisema ufutwe. Nimeufuta.

Giza limeingia, mbu wamefika, na kesho kuna lekcha saa moja asubuhi. Wadau, nawatakia wiki njema. Na usiku mtu akija kukaa kitandani kwako akashindwa kuanza, wewe mkalishe. Atasema.